Barua kwa Mwanangu: Pampu Haikupata Tatizo

Njiro, Arusha

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na ule ukurasa wa ripoti uliouambatisha nimeusoma mara tatu. Unasema mkuu wako wa kazi ameirudisha ripoti ya mradi wa maji akiwa ameandika pembeni kwamba Kiingereza chako ni cha kitoto, kwa kuwa kila sentensi imebebwa na "do", "make" na "get", nawe unaniuliza ni kwa njia gani mtu mzima, mwenye kazi na watoto wa kulea, anaweza kujiwekea akiba ya vitenzi vizito. Umeniuliza mimi kwa sababu unajua nilikaa miaka mingi nikipiga chapa katika ofisi ya mawakili hapa mjini. Nitakujibu kwa kirefu, maana jambo hili nalipenda.

Nianze na sentensi yako mwenyewe. Umeandika: "The pump got a problem and people did a meeting." Sasa nisimulie kwa Kiswahili yaliyotokea. Usingesema pampu ilipata tatizo ukaishia hapo. Ungesema iliziba, au ilivuja, au ilikwama, au iliungua, na fundi angejua abebe vifaa gani. Kiingereza nacho kina vitenzi hivyo, kila kimoja na kazi yake: "clog", "leak", "jam", "burn out". Mkutano nao ni hivyo hivyo. Sisi tunatenganisha kuitisha, kuhudhuria, kuongoza na kuahirisha, na Kiingereza kinakujibu kwa "convene", "attend", "chair" na "adjourn". Bila shaka mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyeuitisha ule mkutano, nao wananchi wakauhudhuria. Ulipoanza kuandika Kiingereza uliacha kujiuliza ni nani hasa aliyefanya nini, na "get" ikakuruhusu uache.

Kujiuliza huko unakujua tangu utotoni. Mwingereza akisema "wash", sisi mikono tunanawa, vyombo tunaosha, nguo tunafua, na mwili mzima tunaoga. Nawe ulipokuwa mdogo ukasema unafua mikono, bibi yako alikusahihisha hapo hapo. Kwao uchaguzi wa namna hiyo umejaa, kwa mfano, katika kutazama: "glance" ni kutupia jicho, "stare" ni kukodoa macho, "peer" ni kukaza macho ili uone kitu kisichoonekana vizuri. Basi kabla hujafungua kamusi, tafuta kwanza kitenzi halisi cha Kiswahili, kile ambacho ungemwambia fundi, kisha ndipo umtafute mwenzake wa Kiingereza.

Kuhusu uzito, nakuomba uwe na tahadhari. Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa na mahakama zao walitumia Kifaransa, hadi mwaka 1362 ilipopitishwa sheria ya kutaka mashauri yazungumzwe kwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo Kiingereza kimebaki na jozi nyingi: "begin" ya nyumbani na "commence" ya barazani, "buy" na "purchase", "help" na "aid". Mara nyingi jambo ni lile lile, tofauti ni mahali linaposemewa. Kuondoa "use" na kuweka "utilise" hakumwongezei msomaji chochote, na kama mkuu wako anataka mapambo ya aina hiyo, mimi hapo sikubaliani naye. Kitenzi kinastahili kuitwa kizito pale tu kinapobeba habari ambayo kile chepesi hakiibebi.

Nikuoneshe kwa mfano wa hapa kwetu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofungwa tarehe 31 Desemba 2015, ilikuwa na makao yake hapa Arusha, katika jengo la mikutano la kimataifa la AICC, na kulikuwa na nafasi ya wananchi kukaa na kusikiliza kesi. Nilikwenda mara kadhaa siku za mapumziko. Ibara ya 6 ya sheria iliyoiunda mahakama hiyo inaeleza kwa vitenzi njia ambazo mtu huingia katika hatia: aliyepanga, aliyechochea, aliyeamuru, aliyetenda, au aliyesaidia na kuwezesha; kwa Kiingereza, "planned", "instigated", "ordered", "committed", "aided and abetted". Kuamuru kunadai mtu mwenye mamlaka juu ya mwingine, lakini kuchochea hakudai mamlaka hayo, na upande wa mashtaka ulipaswa kuthibitisha kitenzi chenyewe ulichokitaja. Nilitoka mle nikiwa na heshima mpya kwa kitenzi kimoja kimoja.

Heshima hiyo nilikuwa nimeanza kuipata kwa kosa langu ofisini. Niliandaa muhtasari wa maelezo ya shahidi, nikaandika kwamba "he refuted" madai fulani, kwa kuwa neno lile lilinipendeza kuliko "denied". Wakili aliurudisha akanieleza kwa upole kwamba "deny" ni kukana, bali "refute" ni kuonesha kwa ushahidi kwamba jambo si kweli, na shahidi wetu hakuwa ameonesha lolote, alikuwa amekana tu. Tangu siku hiyo nikawa na daftari la vitenzi vya kunukuu maneno ya watu: "state" ni kueleza bila kuegemea upande, "claim" ni kudai, "allege" ni kudai kosa ambalo bado halijathibitishwa, "concede" ni kukubali jambo ambalo usingependa kulikubali. Ripoti zako zimejaa "they said". Hapo ndipo utakapovuna haraka kuliko mahali pengine popote.

Tena kitenzi kina ndugu zake, na ukikichukua bila ndugu zake kitakuaibisha. Wengi wetu huandika "discuss about", "emphasise on" na "request for", kwa sababu tunasema kujadili kuhusu jambo na kusisitiza juu ya jambo. Lakini "discuss", "emphasise" na "request" vikiwa vitenzi hushika yambwa, yaani kile kinachotendwa, moja kwa moja bila kihusishi kama "about", "on" au "for". Pia huandika "I suggest to change the pump", ambapo Kiingereza kinataka "I suggest changing the pump". Mwalimu Mwingereza A. S. Hornby, aliyefundisha Japani kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aliona wanafunzi wake wakikwama hapo hapo, naye pamoja na wenzake wakatunga kamusi ya wanaojifunza, iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, iliyoonesha kila kitenzi hufuatwa na nini. Ndiyo maana nakusihi utumie kamusi ya wanaojifunza, yenye sentensi za mfano, wala usitegemee orodha tupu ya visawe. Kisawe bila sentensi ndicho kilichoniponza mimi na "refute".

Ukitaka orodha ya kuanzia, ipo moja ninayoiamini. Averil Coxhead wa New Zealand alitoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma, na ndani yake mna vitenzi ambavyo kazi yako inavidai kila siku: "assess", "indicate", "estimate", "distribute", "require". Chukua vitano kwa wiki, si zaidi. Kila kimoja kiandikie sentensi ya mradi wenu, yenye kijiji na bomba lako mwenyewe, kisha kesho yake funika daftari ujaribu kuikumbuka, na urudie tena baada ya wiki. Vile vinavyokutoroka ndivyo vya kurudia, vinavyokaa viache. Unaweza pia kusoma habari moja ya gazeti la Kiingereza jioni ukipigia mstari vitenzi peke yake, ingawa kwa watoto ulio nao sitakulazimisha.

Usiifute "get" kabisa, wala usivikimbie vitenzi vyepesi vya maneno mawili. "Carry out" na "find out" ni vitenzi vya kawaida, na ripoti nzuri inavikaribisha.

Sentensi yako mimi ningeiandika hivi: "The pump clogged, and the village chairman convened a meeting, which most residents attended." Lakini nimebahatisha mahali pawili, kwamba pampu iliziba na kwamba wengi walihudhuria, na wewe uliyekuwapo ndiye unayejua. Muulize fundi, tazama daftari la mahudhurio, kisha uandike upya ukurasa wote na uniletee pamoja na ule wa pili kabla hujampelekea mkuu wako.

Wasalimie watoto.

Mama yako