Mapenzi na Mzimu: Panga Masharti Kabla ya Sura ya Kwanza

Hadithi nyingi za msichana aliye hai na mvulana aliyekufa huanza kulegea kwenye sura ya tano au ya sita, na chanzo huwa kimoja: mwandishi hajaamua mzimu wake anaweza nini na hawezi nini. Sura ya pili anapenya ukutani. Ya nne anafungua mlango kwa kitasa. Ya sita anamshika msichana mkono, na ya tisa, baba mkali anapoingia chumbani, mzimu huyohuyo hawezi hata kudondosha kikombe. Msomaji wa miaka 16 hulinasa hilo upesi kuliko mhariri, na akishalinasa haogopi tena wala halii tena.

Chukua karatasi moja uandike masharti, manne au matano basi. Anatokea lini? Wapi? Nani anamwona? Anaweza kugusa nini? Na kadiri siku zinavyokwenda, anapoteza nini? Swali la mwisho ndilo linalorukwa mara nyingi, na ndilo linalobeba hadithi. Mzimu asiyepoteza kitu ni mchumba wa kawaida, tofauti yake ni kwamba halipi nauli.

Tushike mfano mmoja hadi mwisho. Bakari, miaka 19, amezama pale mto Pangani unapoingia baharini, na mwili haukupatikana. Rehema, miaka 18, amemaliza mtihani wa kidato cha nne. Mtihani huo hufanyika Novemba na matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Katikati hapo mtoto wa watu si mwanafunzi tena na bado hajawa mtu mzima, hana pa kwenda asubuhi, na kila mgeni anayepiga hodi anamuuliza, "Enhe, sasa utafanya nini?" Naye yuko kati na kati kama Bakari. Ukimpa aliye hai hali ya namna hiyo, wawili hawa wanakuwa na la kuzungumza zaidi ya kuangaliana.

Pangani nako hakukuokotwa tu. Katika Kurani neno barzakh ni kizuizi: kuna kile kilicho mbele ya wafu mpaka siku ya kufufuliwa (sura ya 23, aya ya 100), na kuna kile kilicho kati ya bahari mbili zinazokutana (sura ya 55, aya ya 20). Mdomo wa mto ni picha hiyo ikiwa wazi machoni: maji ya tope ya mtoni yanakutana na maji ya chumvi, na pantoni inavusha watu kati ya mji na kijiji cha Bweni, ng'ambo ya pili. Ukiwa na hayo, handaki lenye mwanga mweupe mwishoni la nini? Limetoka kwenye filamu za watu, na msomaji amelichoka.

Sasa lini. "Usiku wa manane" peke yake haitoshi, maana usiku wa manane upo kila siku, na kinachopatikana kila siku hakina thamani. Pwani ina neno ambalo ni kama lilikuwa likikusubiri: maji mafu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ikajaa sana na kupwa sana. Kama wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Sharti la Bakari liwe hili: anaonekana siku tatu tu za kila maji mafu, penye maji ya mto, na nje ya hapo hayupo kabisa.

Piga hesabu uone jinsi sharti moja linavyokuchorea riwaya nzima. Bakari alizama wakati wa bamvua la mwezi mpevu, mwanzoni mwa Desemba. Maji mafu ya kwanza yanaangukia karibu na siku ya 7, ya pili siku ya 22, ya tatu siku ya 37. Arobaini ni siku ya 40, katikati ya Januari, matokeo yakiwa hayajatoka. Vipindi vitatu, siku tisa za kuonana kwa maisha yao yote. Kwa riwaya ya maneno 50,000, yaani sura 25 za maneno 2,000, toa sura 4 kwa msiba, 4 kwa kipindi cha kwanza, 5 kwa cha pili, 4 kwa cha tatu na moja kwa arobaini. Zinabaki 7 za kusubiri. Waandishi wengi huzikata hizo 7 kwa kuwa "hakuna kinachotokea". Ziache. Penzi hukua pale Rehema anapokwenda gatini jioni ya siku ya 13, akijua fika kwamba hatamkuta.

Mtego wa hapo ni mwezi. Ukiandika mwezi mpevu juu ya maji mafu, kila mvuvi na kila mtoto wa mvuvi atakufunga kitabu. Kwenye kipindi cha kwanza na cha tatu, mwezi nusu huchomoza karibu na saa sita usiku, kwa hiyo kabla ya hapo ni giza tupu. Kwenye kipindi cha pili mwezi nusu tayari uko juu magharibi inapoingia, na huzama karibu na saa sita usiku. Maji nayo huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo kama leo saa mbili usiku yamegusa ngazi ya tatu ya gati, kesho saa hiyohiyo hayatakuwa palepale. Tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la mwezi unaouandikia, ulibandike ukutani.

Kugusa. Mapenzi ya vijana yanaishi kwa kile kisichowezekana, na hapa una bahati kwamba kizuizi ni cha kweli, hakitokani na mzazi mkali tu. Kosa ni kukiondoa mapema, au kumpa mzimu "nguvu za ghafla" ili wakumbatiane. Mpe kitu kimoja tu anachoweza kukisogeza. Bakari amekufa majini, basi asogeze maji, tena ya mto tu, na kidogo:

Rehema aliliweka beseni kwenye ngazi ya gati, akatumbukiza vidole viwili. Maji yalikuwa yametulia. Kisha yakasogea, yakapanda hadi kwenye fundo la kidole, yakashuka, yakapanda tena.
"Ni wewe?"
Yakapanda.
"Husikii baridi?"
Maji hayakujibu.

Hilo beseni litafanya kazi ambayo kurasa tatu za "moyo ulimdunda" haziwezi.

Sasa anachopoteza. Mwanateolojia wa Kenya John Mbiti, katika maandishi yake ya mwaka 1969, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza hali ya wafu: aliyekufa bado yumo ndani ya sasa maadamu wapo waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina, wakiisha hao, anazama kwenye zamani. Kwa Mbiti safari hiyo huchukua hata vizazi vinne au vitano. Riwaya yako ina siku 40, kwa hiyo ibane. Sikiliza watu wanavyozungumza msibani. Siku ya kwanza ni "Bakari". Siku ya tatu mjomba anasema "marehemu". Wiki ya pili, kwenye kikao cha kugawana nguo zake, karibu wote wanasema "marehemu", na jina linatajwa kwa nadra. Hilo ndilo sharti: kila mtu wa karibu anapoacha "Bakari" na kushika "marehemu", Bakari anapoteza kitu. Sauti kwanza. Kisha kumbukumbu ya jina la chombo chake. Kisha uso wa mdogo wake. Hakuna mchawi, hakuna adui. Ni lugha tu ya kila msiba, na msomaji akishaielewa kanuni hii, neno moja la heshima linamkata maini.

Msiba wenyewe uandike kama unavyofanyika, hatua kwa hatua. Mwili usipopatikana hakuna kuosha, hakuna sanda, hakuna kaburi. Familia nyingi za Kiislamu za pwani husali sala ya ghaibu, yaani sala ya maiti bila mwili kuwepo. Kwa hiyo Bakari asinukie karafuu maiti hata siku moja. Harufu hiyo ni ya aliyeoshwa. Yeye anuke mwani, kamba iliyolowa na dizeli ya mashine ya boti. (Ukiwa na mzimu mwingine aliyezikwa kwa taratibu zote, karafuu maiti ni nzuri sana, kwa sababu iko pia kwenye kabati la nguo la kila nyumba, na mama atasema ni kabati.) Arobaini nayo isipite bila maneno: shangazi anataka hitima, yaani kisomo cha kumwombea marehemu, na pilau, kaka mkubwa anasema ni bidaa, uzushi katika dini. Mabishano hayo yapo majumbani kweli, na hapa yana uzito wa ziada, maana Rehema peke yake anajua siku hiyo inamaanisha nini.

Na wakubwa wakishagundua kuwa binti anazungumza na maji, kila mmoja atakuwa na jina lake la ugonjwa. Shehe atasema roho ikishaingia barzakh hairudi, anayekuja ni jini aliyevaa sura ya marehemu. Mchungaji wa jirani atasema pepo mchafu. Bibi atauliza kama mizimu ya ukoo imesahauliwa. Nesi wa kituo cha afya atauliza amelala saa ngapi wiki hii. Wape wote akili na huruma, kwa kuwa kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na usimtangaze mshindi. Ila usichanganye Bakari na msukule. Msukule ana mwili na yuko mikononi mwa mtu. Ukimwingiza huyo, hadithi yote inageuka ya kumtafuta mchawi.

Jambo la ngeli ni dogo, lakini ni silaha ambayo Kiswahili kinakupa bure. Mara ya kwanza Rehema anapomwona, andika kitu au kivuli: "kilisimama kando ya pantoni, kikageuka." Bado ni ki-. Baadaye, watu wakianza kunong'ona, mzimu wa midomoni mwao uchukue u-: "unamfuata yule binti." Siku Rehema anapomtambua, kiambishi kigeuke katikati ya aya, bila maelezo: "Kilikaribia. Kilikuwa kimelowa. Aliinua mkono." Wengi hawatajua kwa nini walisisimka. Angalia tu kwamba a- haibagui mwanamke na mwanamume, kwa hiyo wakiwa wawili gatini na umeandika "alimtazama akanyamaza", hakuna anayejua nani alimtazama nani. Taja jina kila baada ya sentensi mbili au tatu.

Umri: usimlete mzimu aliyekufa zamani sana. Kwa Kiswahili tatizo hujitokeza kwenye salamu ya kwanza. Kijana aliyekufa mwaka 1950 akiwa na miaka 19, Rehema amwamkie shikamoo? Akimwamkia, penzi limekufa kwa neno moja. Asipomwamkia, msomaji anajiuliza mzee huyu anataka nini kwa binti wa watu. Aliyekufa juzi, aliyekuwa madarasa mawili mbele yake shuleni, anasalimiwa "mambo" na anajibu "poa", na huo ubishi haupo.

Usijenge kifo chake juu ya ajali halisi iliyoua watu wengi, kama ile ya meli ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996. Kuna watu wanaosoma ambao walimsubiri mtu wao ufukweni. Tunga ajali yako, ndogo, ya mtu mmoja.

Kuhusu mwisho, njia ya mkato inayopendwa ni kwamba hakufa, yuko hospitali kwenye koma. Ajabu ni kwamba koma katika Kiswahili cha pwani ni mzimu wa mtu aliyekufa, na mwandishi mcheshi anaweza kulichezea neno hilo; lakini kumfufua Bakari kunafuta gharama yote uliyoijenga kwa sura 24. Njia ya pili ni mbaya zaidi, Rehema kumfuata majini ili wawe pamoja. Hapana. Wanaokusoma wana miaka 14, 15, na baadhi yao wamefiwa kweli. Ukitaka kuigusa hatari hiyo, iguse kwenye kipindi cha tatu: Rehema anashuka ngazi za gati, na Bakari, ambaye hana anachoweza isipokuwa kusogeza maji kidogo, anayasogeza kwa nguvu zote zilizobaki, kumrudisha. Asubuhi yake Rehema amweleze mama yake mdogo kila kitu, na mama mdogo asimkemee.

Kufikia siku ya 40 wanaolitaja jina wamebaki wawili, mama Bakari na Rehema. Mama analiachia kwanza, bila kujua, anapomjibu mgeni mlangoni: "Karibuni, hapa ndipo kwa marehemu." Rehema yuko jikoni anachambua mchele. Anaweza kuendelea kusema Bakari, na Bakari atabaki gatini kila maji mafu, bila sauti, bila uso, akisahau mpaka anachokisubiri. Mgeni anaingia jikoni na kumuuliza yeye alikuwa nani wa nani. Aya hiyo isizidi maneno 150, machozi yasiwemo, na jibu lake liwe na neno marehemu. Kisha mpeleke gatini jioni, urudishe ki-.