Sungura kula mavi yake: ni ugonjwa?

Mama, umeuliza kama sungura wako pale Kadutu ni mgonjwa, maana anakula mavi yake. Hapana, mwache tu! Yale laini, yaliyoshikana kama kishada, si mavi ya kawaida. Sungura hacheui kama ng'ombe. Majani yanachachia kwenye mfuko mkubwa, mwisho wa utumbo mwembamba. Humo vijidudu vinatengeneza protini na vitamini B. Hivyo hutoka ndani ya yale mavi laini; ili avipate, lazima ayameze tena, na huyachukua moja kwa moja mkunduni. Ukimzuia atadhoofika, nakuomba usifanye hivyo.

Ila ukikuta yale laini yamebaki sakafuni kila asubuhi, punguza mahindi na pumba, umwongezee majani makavu. Meno yake pia hukua maisha yote, na nyasi ndizo zinayasaga.