Maswali Yenu: Migomo ya Walimu, Vipindi na Mishahara

Kwa nini walimu wetu hapa Kenya hugoma muhula wa tatu, mtihani ukikaribia? Naona wanawatumia watoto wetu kama ngao. — Mama wa mtahiniwa, Kitale

Uchungu wako una msingi, Mama. Wiki ikipotea Septemba, mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hairudishi kwa urahisi. Lakini itazame kalenda ya fedha. Mwaka wa bajeti huanza Julai 1, na nyongeza nyingi za CBA, yaani mikataba ya pamoja kati ya vyama vya walimu na mwajiri, huanza siku hiyo. Mwalimu hufungua hati yake ya mshahara mwisho wa Julai, akakuta pesa hazimo. Agosti ni likizo. Shule zikikaribia kufunguliwa, notisi ya mgomo imeshatoka.

Ndivyo ilivyokuwa 2024. Awamu ya pili ya nyongeza iliyokubaliwa Agosti 2023 ilipaswa kuanza Julai. Mswada wa Fedha ukaondolewa baada ya maandamano ya Juni, bajeti ikapunguzwa, nyongeza ikakwama. Chama cha walimu cha KNUT kilifuta mgomo siku moja kabla ya shule kufunguliwa. KUPPET, chama cha walimu wa sekondari na vyuo, ikagoma kuanzia Agosti 26, ikasitisha mapema Septemba.

Kidonda chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1997, uchaguzi ukinukia, serikali ilikubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200. Awamu ya kwanza ikalipwa, zilizobaki zikakwama, na walimu wakagoma tena 1998 na 2002. Hata mgomo wa 2013 ulikuwa wa kudai marupurupu ya makubaliano hayohayo ya 1997. Kwa hiyo kabla ya kulaumu, uliza: wanadai jambo jipya, au lililokwisha kutiwa saini? Likiwa jipya, una haki ya kuwauliza kwa nini hawakumaliza mazungumzo kwanza. Likiwa lilisainiwa, lawama zako zipeleke kwa aliyesaini asilipe.

Mwalimu ana vipindi 27 vya dakika 40 kwa wiki. Hizo ni saa 18 tu! Mzigo uko wapi? — Mzazi, Voi

Saa 18 ni za kusimama darasani. Chukua mwalimu wa Kiswahili mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi 50. Insha moja kwa kila mwanafunzi ni insha 150. Akizisahihisha kwa dakika tano tano, ambazo ni chache ukitaka kumwonyesha mtoto kosa lake, hizo ni saa 12 na nusu, kwa zoezi moja. Bado hajaandaa azimio la kazi, hajawa zamu, hajaingia kwenye mchezo wala kuzungumza na mzazi.

Sekondari msingi ndiko hali ilikochacha. Gredi 7, 8 na 9, kila moja ina vipindi 40 kwa wiki, jumla 120. Ukigawa kwa 27 unapata walimu wasiopungua watano, hata kama kila gredi ina mkondo mmoja. Shule yenye walimu wawili haiwezi kabisa: hata wakifundisha kila kipindi bila kupumzika watafikisha 80, na vipindi 40 vinabaki bila mtu. Hapo watoto huwekwa pamoja au huachiwa kazi ya kunakili. Nenda ofisini uombe kuona ratiba, kisha uhesabu majina ya walimu. Ukikuta pengo, bodi ya shule iandikie mkurugenzi wa TSC (Tume ya Huduma za Walimu, mwajiri wao) wa kaunti ndogo, na iambatanishe ratiba hiyo. Malalamiko ya mdomo hayana faili.

Chama kimeitisha mgomo. Nikitoka nitapoteza nini? — Mwalimu, Homa Bay

Katiba, kifungu cha 41, inakupa haki ya kugoma, ila Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 ina masharti. Mzozo uwe umepitia upatanishi bila kutatuliwa, na notisi ya maandishi ya siku 7 iwe imetolewa kwa mwajiri na kwa Waziri. Mgomo ukiwa halali hufutwi kazi kwa kushiriki, lakini mwajiri halazimiki kulipa siku usizofanya kazi. Mwaka 2015 TSC ilizuia mishahara ya Septemba ya waliogoma.

Wengi huumia kwenye mkopo. Mshahara usipoingia, makato ya SACCO hayaendi, na riba inaendelea. Zungumza na SACCO yako kabla ya kutoka. Na mahakama ikitoa amri ya kusimamisha mgomo, isome yenyewe, si tafsiri ya WhatsApp. Ukibaki nje baada ya hapo, ile kinga ya kutofutwa kazi unaipoteza.

Mimi ni mpishi wa shule ya upili. Hatujalipwa, tunaambiwa mgao wa serikali haujafika. — Machakos

Mgao ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na ukichelewa, wafanyakazi wa BOM, yaani walioajiriwa na bodi ya shule, ndio hukosa kwanza. Hali hii inatuudhi, kwa sababu mgao wa kuchelewa haukufuti wewe kwenye orodha ya wanaodai. Mwajiri wako ni bodi. Omba barua ya ajira. Ukishafanya kazi miezi mitatu, mkataba wa maandishi ni haki yako. Andika kila mwezi usiolipwa na kiasi chake, barua yako ya madai igongwe muhuri wa kupokelewa, kisha uende kwa afisa wa leba wa kaunti na nakala. Usikawie, kwa maana madai ya kazi yana kikomo cha muda kisheria.