Usimnyang'anye simu kabla hamjazungumza

Ndugu mzazi, umeuliza kama umpokonye binti yako wa miaka 13 simu baada ya kugundua kwamba anaandikiana na mtu asiyemfahamu aliyekutana naye kwenye mchezo wa mtandaoni. Mimi ni mwalimu na mzazi pia, na mashauri ya aina hii yamenifikia shuleni mara nyingi. Naomba usiichukue kwanza, kwa sababu hofu ya kupokonywa simu ndiyo inayomfanya mtoto anyamaze, na walaghai wanaijua hofu hiyo vizuri kuliko sisi.

Wengi wao huanza kwa sifa na zawadi za ndani ya mchezo, kisha humwomba mtoto wahamie kwenye programu ya faragha ambako ujumbe hujifuta wenyewe; maombi ya picha hufuata huko. Muulize binti yako kwa upole kama ameshaombwa kuhama, au kuweka jambo lolote siri.

Iwapo picha imeshatumwa na vitisho vimeanza, usilipe chochote, maana anayelipwa hurudi kudai zaidi. Kabla ya kumzuia mhusika, hifadhi mazungumzo na jina la akaunti yake, kisha toa taarifa polisi na kwa wenye mtandao husika. Lakini picha yenyewe ya utupu usiinakili wala kumtumia mtu yeyote, hata mwalimu, kwa kuwa kuisambaza kunaweza kuwa kosa la jinai. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023 na NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, ambayo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha bila picha hiyo kutoka kwenye simu, na kampuni zinazoshiriki huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Haifiki kwenye mazungumzo yaliyofungwa kwa usimbaji, yaani yanayosomeka na wanaoandikiana tu.

Vichujio vya kuzuia maudhui yasiyofaa kwenye simu viwekeni, ingawa kwa umri huo simu ya rafiki inatosha kuvikwepa. (Umri wa miaka 13 unaotajwa na mitandao mingi kuwa wa chini kabisa wa kujiunga umetokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu taarifa za watoto, haupimi utayari wa mtoto yeyote.)

Shuleni, ulizia ni mwalimu gani anayepokea malalamiko haya, na kama wanafunzi wenyewe wanamfahamu. Ukijibiwa kwamba ni walimu wote, omba ateuliwe mmoja.