Kutwa mara tatu au kila baada ya saa nane?

SWALI: Ninasoma stashahada ya utabibu hapa Moshi. Wodini mkufunzi mmoja anataka tumwambie mgonjwa ameze amoksilini "kutwa mara tatu". Mwingine anakataa, anasema ni "kila masaa nane". Je, si kitu kimoja? Na "masaa" ni Kiswahili sanifu?

JIBU: Si kitu kimoja, na tofauti inaanzia kwenye neno "kutwa" lenyewe. Kutwa ni jua kuzama, sawa na kuchwa, ndugu wa neno machweo. Ndiyo maana tunasema mchana kutwa na usiku kucha: kutwa hukomea magharibi, kucha hukomea alfajiri. Mgonjwa aliyekua na Kiswahili akisikia "kutwa mara tatu" atazigawa mara hizo ndani ya mchana: saa 1 asubuhi na chai, saa 7 mchana, saa 12 jioni. Hajakosea, ameitii lugha. Ila kutoka saa 12 jioni hadi saa 1 asubuhi ni saa 13 bila dawa.

Kwa amoksilini pengo hilo ni kubwa mno. Dawa za jamii ya penisilini huwazuia bakteria wasijenge ukuta wa seli, na kazi hiyo hutegemea muda ambao dawa iliyomo mwilini inabaki juu ya kiwango cha chini kinachozuia bakteria kukua. Kwa mtu mzima mwenye figo zinazofanya kazi vizuri, amoksilini hupungua kwa nusu kila baada ya takriban saa moja. Saa 6 baada ya kilele, yaani pale dawa ilipo nyingi zaidi mwilini, imebaki kama sehemu moja kati ya 64. Kumeza maradufu jioni hakuzibi pengo, kwa kuwa kipimo kikiongezwa mara mbili hununua takriban saa moja tu ya ziada. Jentamaisini, dawa nyingine ya bakteria itolewayo kwa sindano, ni kinyume chake: nguvu yake hufuata urefu wa kilele, kwa hiyo wagonjwa wengi huchomwa mara moja kwa siku. Azithromaisini, nayo dawa ya bakteria, hukaa katika tishu kwa siku kadhaa. Kwa hizo mbili "mara moja kwa siku" haina utata.

Sasa "kila saa nane". Kwetu saa nane ni ya ukutani, ile inayofuata saa saba mchana. Mgonjwa anaweza kusikia "kila ifikapo saa nane", akameza mara moja tu kwa siku. Naamini hitaji la kuukwepa utata huo ndilo linaloipa "masaa" nguvu midomoni mwa watu: saa nane ni wakati, masaa nane ni muda. Kwa sanifu, saa iko ngeli ya I-ZI na wingi wake ni saa vilevile. Kwenye mtihani na kwenye faili andika hivyo. Simlaumu mkufunzi wako anayesema "masaa", maana anatenganisha mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. Sanifu ina njia yake: "kila baada ya muda wa saa nane".

Hata hivyo usiishie hapo. Taja saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Mama anayewahi sokoni Mbuyuni kabla hakujapambazuka mpe saa 11 alfajiri, saa 7 mchana na saa 3 usiku. Nafasi ni zilezile. Wala usiandike 6:00, 14:00 na 22:00 kwenye bahasha ya dawa. Wapo watakaoisoma 6:00 kuwa saa sita mchana, na 22:00 haisomeki kabisa kwa aliyezoea saa za Kiswahili. Andika tarakimu yetu pamoja na neno asubuhi, mchana au usiku.

Ile 2×3×5 inayoandikwa kwenye bahasha nayo isomwe kwa mdomo: vidonge viwili, mara tatu kwa siku, kwa siku tano.

Kuna neno jingine ambalo hukuliuliza, nalo ni "dozi". Wodini ni kipimo cha mara moja. Mtaani ni dawa yote ya siku tano. Ukimwambia mgonjwa "ukisahau dozi, endelea na inayofuata", anaweza kufikiri anapewa dawa nyingine kabisa. Sema "ukisahau kumeza mara moja, meza mara tu ukikumbuka; ila kama saa ya kumeza tena imekaribia, iache ile uliyosahau, wala usimeze vipimo viwili kwa pamoja".