Kimraba cha kichupa cha chanjo hakirudi nyuma

Umeuliza kama kile kimraba cha kwenye kichupa cha chanjo, kinachokolea rangi kwa joto, hufifia tena kama picha za vikombe vya chai kichupa kikirudishwa kwenye baridi. Hapana, hata ukikilaza kichupa kwenye friji usiku kucha, kimraba kilichokolea hakififii tena. Umekifananisha na vile vikombe ambavyo picha hujitokeza ukimimina chai na kupotea kikipoa. Wino wa vikombe unaenda na kurudi. Huu wa chanjo, molekuli zake huungana kama mnyororo kwa joto, na zikishaungana ndiyo basi. Tena haupimi joto la leo tu, unajumlisha lote ambalo kichupa kimepitia njiani. Ulianza kutumika kwenye chanjo ya polio ya matone, 1996.

Nimefanya kazi chumba cha chanjo, na tunasoma hivi: kimraba cha ndani kikiwa na rangi hafifu kuliko duara linalokizunguka, chanjo inatumika, mradi tarehe yake haijapita. Kikilingana na duara au kulizidi kwa weusi, haipewi mtoto.

Ila kimraba hakijui baridi. Chanjo ya pepopunda ikiganda kwenye friji imeharibika, na kimraba bado kitakuonyesha mambo safi.