Muulize Daktari wa Mifugo: Mbwa wa kituoni au wa barabarani?

*Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kireka. Baba watoto ni askari polisi, usiku mwingi yuko kazini. Mwezi uliopita wezi waliingia uani wakabeba nguo kwenye kamba na jiko la mkaa. Sasa watoto wameng'ang'ania mbwa. Nimesikia kuna kituo kinachotoa mbwa waliookolewa mitaani, lakini mama mkwe anasema hao wamejaa magonjwa na hawafundishiki, afadhali ninunue mtoto wa mbwa wa Kijerumani kwa vijana wanaouza kando ya barabara. Nifuate lipi? – Mama K., Kireka*

Mama K., pole kwa jiko. Naomba liwe lilikuwa bado la moto walipolishika.

Mama mkwe sitambishia sana, nisije nikawaletea vita nyumbani. Habari ya magonjwa ni ya kweli, ila nenda ukaitafute kwenye boksi la wale vijana. Mtoto wa mbwa aliyeshinda juani, ameachishwa ziwa mapema, hana hata tone la chanjo: huyo naletewa siku ya tano, anatapika na kuharisha damu. Ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Muuzaji atakuambia "amechanjwa", na hata akisema kweli, sindano moja haitoshi. Chanjo ile huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Na huyo Mjerumani wenu, wengi niliowaona masikio hayakusimama hata siku moja.

Kwa mwizi wa jiko huhitaji Mjerumani. Unahitaji mbwa mzima anayebweka. Mwizi wa namna ile haogopi meno, anaogopa jirani kuwasha taa, na mbwa wetu wa kienyeji kwa kelele hana mpinzani. Hapa Kampala USPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama Uganda, wamekuwa wakihifadhi mbwa na paka kwa miaka mingi, anza nao. Mbwa wa miaka miwili au mitatu umbo lake unaliona na tabia yake watunzaji wanaijua. Uliza kama amepewa dawa ya minyoo, kama amehasiwa, na udai kadi ya chanjo yenye tarehe. Wakikuuliza maswali mengi kuhusu ua wako na nani anabaki nyumbani, usiudhike. Kituo kisichouliza kitu ndicho cha kuogopa.

Ukifika, usimkimbilie yule anayerukaruka kwenye wavu. Kaa chini, wageuzie mbwa ubavu, usiwakodolee macho, ukae dakika kumi. Wa kwako ni yule atakayekuja taratibu, akunuse kiatu, aondoke, kisha arudi mwenyewe. Halafu mtafute anayefagia mabanda, maana yeye anajua kuliko mwenye ofisi. Muulize: ukigusa bakuli lake akiwa anakula, anafanyaje? Akiona watoto? Akiona kuku? Nenda na watoto wako wote watatu siku hiyo, si mmoja.

Kuhusu kutofundishika, mwambie mama mkwe habari ya Gulu. Huko shirika la The BIG FIX Uganda huwapa watu waliopitia vita vya waasi wa Kony mbwa waliokuwa wa kuzurura, mtu na mbwa wakafundishwa pamoja. Mbwa wale wale waliokuwa wakipigwa mawe sokoni.

Kosa nililofanya mimi usilirudie. Mbwa wangu wa kwanza wa kituoni nilimleta kwa boda boda, nikamfungulia uani, nikaingia ndani kunywa chai nikijisifu. Usiku wa pili hakuwepo. Tulimpata siku ya tatu chini ya kibanda cha chapati, amejikunja, matope hadi kwenye kope. Tukamwita Balikoowa, yaani "watachoka", kama wazee wanavyompa mbwa jina ili ujumbe uwafikie majirani. Kumbe waliochoka tulikuwa sisi. Kila mke wangu alipoinua ufagio, Balikoowa alilala chini na kujikojolea. Tulifagia kwa siri, akiwa nyuma ya nyumba, karibu miezi miwili. Siku moja nikamkuta amelala usingizi juu ya ufagio wenyewe.

Kwa hiyo siku za mwanzo mbwa akae sehemu iliyofungwa, atoke kwa kamba tu, na wageni wasije kumtazama. Wiki ya kwanza huenda asibweke kabisa. Usiseme umepewa bubu. Akizoea, usimfunge mnyororo mchana kutwa, atakuwa mkali kwa watoto wako kabla ya kuwa mkali kwa mwizi. Ziba matundu ya ua. Akizurura atakutana na nyama ya sumu.

Watoto wawe na sheria mbili: mbwa akila haguswi, akilala haamshwi kwa mkono, anaitwa jina.

Chakula ni posho, yaani ugali, na mukene, dagaa wetu. Mukene ioshe kwanza, ina mchanga. Utumbo uliochemshwa pia unafaa. Kitunguu usitie, na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika ncha kama sindano.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, hata kama hatoki getini. Sikiliza redio kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kampeni hutangazwa wakati huo. Mtu yeyote akiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Hapo sina utani.

*Daktari, sisi ni Waislamu. Tungependa kuchukua mbwa wa kituoni atulindie mbuzi, lakini mzee anasema nyumba itakuwa najisi. – Kijana wa Bombo*

Kijana, mimi si sheikh, fatwa kaulize msikitini. Ninachojua ni kwamba mbwa wa kulinda mifugo ameruhusiwa, na mzee wako analijua hilo vizuri. Kinachomsumbua ni mate. Basi mbwa awe na bakuli lake, lisioshwe pamoja na vyombo vyenu, na chombo alichokilamba mkioshe mara saba, moja kwa udongo, kama mlivyofundishwa. Banda lijenge upande wa zizi, mbali na mnaposwalia, sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini ili mvua isimfikie, mlango uelekee mbuzi. Kituoni omba mbwa aliyewahi kuishi na mifugo, na wiki mbili za mwanzo awaone mbuzi kupitia wavu tu.